Nilivyofunga matairi ya theluji Maskati ili Ma'mdogo akaone barafu

Wakuu, salamu kwa wote mliomo.

Nalitaja kosa langu mapema kabla hamjalitafuta wenyewe: naishi Maskati, mji ambao watu wake wakiona nyuzi ishirini huvaa masweta, na Januari hii gari langu lilikuwa limefungwa matairi ya theluji.

Yote manne. Kila moja lina mchoro wa mlima na kidude cha theluji ubavuni.

Hakuna muuzaji aliyenidanganya. Nilisoma mwenyewe, nikajiridhisha mwenyewe, nikajipongeza mwenyewe. Nasimulia kama ilivyokuwa, na pale nilipokuwa mjinga sitapapaka rangi.

Mama yangu mdogo, Zuwena, ni mwalimu wa skuli ya msingi huko Unguja. Miaka aliyokaa na sisi hapa, kabla hajarudi kwao, ndiye aliyenifundisha kusoma. Mwaka huu alikuja kututembelea kwa wiki nne, na ombi lake lilikuwa moja tu: kuona barafu iliyoganda nje, yenyewe, bila ya friji.

Ni kwamba wanafunzi wake walimbishia. Aliwaambia huku Omani kuna mlima ambao maji yake asubuhi huganda. Mmoja akamuuliza kama yeye ameyaona. Hakuwa ameyaona. Akawaahidi kurudi na picha, kipande cha barafu mkononi.

Mlima wenyewe ni Jabal Shams, mwendo wa saa tatu hivi kutoka kwetu Al Khoudh, pembezoni mwa Maskati. Zile siku chache za baridi kali, majani na maji ya mabirika ya kunyweshea mbuzi huamka yameganda.

Nikamwambia mbele ya familia nzima kwamba mimi ndiye nitakayempeleka.

Gari ninalo, Prado. Matairi yake yalikuwa mazima kabisa. Mtu mwenye akili timamu angejaza mafuta, akabeba thermos ya chai, akaondoka Ijumaa ya kwanza.

Mimi ni mtu ambaye akitaka kununua birika la umeme husoma reviews siku nne. Kazi yangu ya kompyuta nilijifunza peke yangu mtandaoni, kwa hiyo nimebaki na imani kwamba kila kitu kinajifunzika huko, na kwamba anayejua nusu ataumbuka.

Basi nikamkuta bwana mmoja wa nchi za theluji kwenye video. Anasema joto likishuka chini ya nyuzi saba, mpira wa tairi la kawaida hukakamaa na gari huteleza.

Nikatazama hali ya hewa ya Jabal Shams. Alfajiri: nyuzi mbili.

Mbili ni ndogo kuliko saba. Utafiti ukaishia hapo.

Kule juu pembeni ya barabara kuna korongo ambalo ukichungulia huoni chini. Kila nikifumba macho namuona Ma'mdogo anateleza na gari humo, na nyuma yake familia nzima inauliza nani alikuwa anaendesha.

Bwana wa video hakusema, na hakuwa na sababu ya kusema, kwamba barabara ya mlima wetu hata siku ya baridi huwa kavu. Kinachoganda ni birika la mbuzi. Na mimi sikupanga kuendesha ndani ya birika.

Wiki ya kwanza niliimaliza kwa kuchora jedwali la safu kumi na moja.

Kisha nikaenda sanaiya ya Mabela, kule kwenye magereji. Kuna fundi wa matairi pale, Mhindi, anayelijua gari langu kuliko mimi. Nikamuuliza winter tires. Akanitazama, akalitazama jua, akanijibu kwa kile Kiarabu chao cha sanaiya, ambacho kila mteja ni sadiki, yaani rafiki:

"Sadiki, wewe kwenda Rasia na gari?"

Akanielewesha taratibu kwamba hapa kwetu mtu anatafuta tairi linalostahimili joto, anaangalia limetengenezwa lini, anapima upepo, basi. Nikamshukuru. Moyoni nikasema huyu hafuatilii utafiti mpya. Yeye ana miaka ishirini chini ya magari, mimi nina siku tatu za video, na bado nilimhurumia.

Wiki ya pili nikaliona tangazo. Mhandisi mmoja mgeni anarudi kwao na anauza matairi ya theluji aliyokuja nayo, yamo kwenye rimu zake. Yalitoka kwenye Pajero.

Nilipima, wakuu. Nati sita kwa sita. Nafasi kati ya nati na nati, sawasawa. Upana, offset, umri wa tairi, kina cha kashata zake za kukanyagia, vyote kwenye jedwali. Mhandisi wa watu alisimama juani na kikombe chake akinisubiri niridhike.

Nikafika nyumbani, nikapiga jeki. Gurudumu la kwanza likakataa kuingia.

Tundu la katikati la rimu za Pajero ni dogo kuliko hub ya Prado, kile kitovu kinachoingia humo. Nilipima kila kitu cha duara lile isipokuwa katikati yake.

Mama akatoka na kahawa, akaliona gari liko juu ya jeki na mimi nimekaa chini, akauliza kama mgonjwa ataamka leo au tusome khitma.

Nikarudi sanaiya. Saizi ya matairi ilikuwa moja na ya kwangu, kwa hiyo fundi akayatoa kwenye rimu za Pajero akayavisha rimu zangu. Hakucheka hata kidogo. Bora angecheka. Aliniambia tu safari ikiisha nirudi haraka ayatoe, kwa sababu yana mpira laini na joto la huku litayala.

Sasa tuko wiki ya tatu. Alkhamisi binamu yangu Said, mtoto wa mjomba, akapiga simu: baridi ya kesho ni kali, yeye na wenzake wanapanda, tufuatane.

Nikakataa. Nilikuwa nimesoma kwamba tairi lililofungwa upya lisiaminiwe mpaka litembee kilomita mia tano. Yale yalikuwa yameshatumika, lakini kwenye gari la mtu mwingine, na mimi nikaona tahadhari haiozi.

Kwa hiyo Ijumaa ile mimi nilikuwa naendesha kutoka Al Khoudh mpaka Maskati mjini na kurudi, polepole, AC imewashwa, nje nyuzi ishirini na sita, nayazoesha matairi ya theluji. Nilipopumzika Mutrah, karibu na bandari, mzee wa Kizungu aliyeshuka kwenye meli ya watalii akapita na kaptura yake. Akainama kulitazama tairi langu. Akamwita mkewe naye aje atazame. Wakapiga picha.

Mchana Said akatuma video kwenye group la familia. Majani meupe. Yeye anabandua kipande cha barafu kwenye birika, kipana kama sahani, anakiinua juani.

Ma'mdogo aliitazama mara tatu, akamrudishia mama simu, akasema mashallah.

Nikamwahidi kwamba baridi itarudi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeimiliki.

Haikurudi. Wiki ya nne kila nikifungua utabiri, nyuzi zimepanda. Na bado nikapoteza siku mbili nyingine kwa sababu nilihisi usukani unatetemeka kidogo nikifika mwendo wa mia, nikataka balance ifanywe upya.

Tulipanda siku mbili kabla ya ndege yake. Tuliondoka baada ya Alfajiri na nikaendesha kama nimebeba mayai, kwa hiyo tulifika jua limeshapanda. Nyuzi kumi na moja. Ma'mdogo alikuwa amevaa jaketi la baba na soksi mbili mbili.

Akaliendea birika la mbuzi, akatia mkono. Maji.

Akauacha mkono mle kwa muda, akaufuta kwenye ushungi wake, akaniomba nimpige picha hapo hapo. Nikamuuliza atawaambia nini wanafunzi. Akasema atawaambia kweli: alifika, akachelewa.

Gari lilishika barabara vizuri mno, wakuu. Barabara kavu kama mkate wa juzi.

Kwenye kurudi, katika kipande cha barabara ya kokoto, jiwe likachana ubavu wa tairi la nyuma. Tairi la theluji, tulilolifunga kwa usalama wetu.

Nikatoa spea. Ma'mdogo akakaa juu ya jiwe, akazipokea nati sita mapajani. Huku nafungua nikaanza kumweleza: habari za mpira, nyuzi saba, korongo, kwamba yote haya niliyafanya kwa ajili yake. Aliniacha nikamaliza.

"Khalfan, ile Ijumaa Said alikuja kunichukua. Alikuja mpaka mlangoni."

Nilikuwa sijui.

"Nikamwambia ahsante, mie nna dereva wangu."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda.

"Nilitaka picha unipige wewe. Mie ndo nilokufundisha kusoma, baba. Sikujua kama utasoma hivi."

Alisema huku anatabasamu, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaanza kunipa nati, moja baada ya moja, nami nikawa nakaza bila ya kuinua uso.

Nimekaa na jambo hili tangu aondoke. Nilikuwa nikijisifu kwamba nahofia usalama wa watu wangu. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini ukinibana niseme ukweli wote, hofu kubwa zaidi ilikuwa ya kulaumiwa. Nilitaka, likitokea la kutokea, niweze kuonyesha jedwali. Ma'mdogo alikuwa na wiki nne na mimi nilizitumia zote kujikinga.

Wataalamu wa magari, nipigeni, ila msiniue. Na wale wenye ugonjwa kama wangu, nataka kusikia kutoka kwenu hasa: mnajuaje kwamba maandalizi yametosha? Ni nani aliwahi kuwasubiri mpaka nafasi ikapita? Andikeni, nasoma yote (hilo mmeshaliona).

Kwa sasa gari limerudishiwa matairi yake ya kawaida. Jambo la gari namuuliza fundi kwanza, na jibu lake nalifuata. Nyumbani mtu akiniuliza tunaondoka lini, nataja siku, na siku hiyo tunaondoka. Mwezi uliopita mama alitaka kwenda Sur, mji wa pwani. Aliniambia Jumatano, na Ijumaa tulikuwa Sur.