Foleni ya Wasiozaa

Wiki zilipotangazwa nafasi za polisi, Tandale ilijaa wanawali. Sijui walitoka wapi. Mabinti niliokuwa nawaona kwa macho yangu wakinyonyesha kibarazani, wakigombana na baba watoto wao mchana kweupe mbele ya soko, wote ghafla hawakuwahi hata kushikwa mkono na mwanamume. Tangazo lilisema mwombaji awe amemaliza kidato cha nne, awe na afya njema, asiwe na michoro mwilini, asiwe ameoa wala kuolewa, na asiwe na mtoto. Hicho kifungu cha mwisho ndicho kilichotugeuza wote waongo. Nasema wote kwa sababu na mie nilikuwemo, tena mstari wa mbele.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na binti wa miaka minne. Nilishauza mitumba, nilishasuka nywele za watu mpaka vidole vikafa ganzi, nilishatandika vitanda kwenye hoteli moja ya Kunduchi ambako hujui leo kama kesho utaitwa. Binti yangu alikuwa na pumu. Kila akibanwa tulikimbia naye zahanati, na mama yangu alikuwa akirudia wimbo mmoja tu, kwamba mtoto huyu anahitaji mama mwenye ajira ya serikali na bima. Haya, ajira ndiyo hiyo imekuja. Ila ili nimpatie mtoto bima ilibidi kwanza nimfute mtoto. Mtoto asiyekuwepo atatibiwaje kwa bima, hilo hakuna aliyeliuliza katika kikao chetu, na kikao kilikuwa na watu wazima watupu.

Aliyeongoza kikao ni mama mkubwa, dada yake mama. Yeye alishahama uswahilini zamani, amejenga Goba mlimani, na tangu ajenge anaongea na sie kama mkaguzi wa shule. Alipanga kila kitu kabla chai haijapoa. Nihamie kwake na mtoto, barua ya utambulisho niichukue serikali ya mtaa ya kule ambako hanijui mtu, na majirani wakiuliza, mtoto ni wake yeye, kitinda mimba chake. Mama mkubwa alikuwa na miaka hamsini na sita. Alisema "kitinda mimba" kwa macho makavu kabisa, na mama yangu akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya nyanya. Mie nilitaka kucheka. Sikucheka, nikauliza tunahama lini.

Mtoto tukamfundisha kuniita dada. Nilijiandaa kwa vilio, nikanunua na biskuti za kumbembelezea. Hakulia hata. Kwake ulikuwa mchezo, na siku ya tatu akaniita dada bila kukumbushwa, akitaka nimfunge kiatu. Niliumia, nikakasirika naye, mtoto wa miaka minne asiye na kosa lolote, kisha nikamwambia vizuri sana, mwanangu mzuri. Mama mkubwa akanifokea toka jikoni kwamba hakuna cha mwanangu hapo, niwe makini.

Kwenye steshenari ya pale Goba, mama aliyekuwa ananijazia maombi kwenye kompyuta alifika penye idadi ya watoto akaandika sifuri bila hata kuniangalia. Alishazoea. Alikuwa ameandika masifuri tangu asubuhi.

Wiki kadhaa baadaye jina likatoka, nikaitwa kwenye usaili. Ulifanyika katika uwanja mmoja huko Temeke, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza vyeti, vipimo vya urefu na mbio. Jamani, kama hujawahi kuona watu wanavyojitesa kwa sentimita moja, nenda kwenye usaili wa polisi. Kuna msichana alijifunga kilemba cha nywele bandia ndani ya nywele zake mwenyewe ili arefuke, akavuliwa mbele ya umati. Kuna kijana alisimama kwa ncha za vidole akidhani anayempima ni kipofu. Wengine walikuwa hawajui hata kwa nini wanataka kuwa askari, wanachotaka ni kuogopwa mtaani kwao. Mie nilipita urefu, nikapita mbio, nikawaangalia wenzangu wanaotapika pembeni na kujiona nimeumbwa kwa kazi hii.

Hapo ndipo nilipomwona kwenye foleni ya wanaume. Baba wa mtoto wangu.

Inabidi nieleze huyu ni mtu gani. Tulisoma naye sekondari moja, nyumba yao iko mitaa miwili kutoka kwetu Tandale, mama yake anauza mchele sokoni. Mtoto alipotimiza arobaini, wajomba zangu wawili walivaa kanzu zao safi wakaenda kwao kwa heshima, hawakutaka vita, walitaka tu mtoto atambuliwe. Na mie nilikwenda, nimembeba. Mkeka ukatandikwa, tukakaribishwa maji, wakamwita. Akasimama mlangoni, hakukaa hata, akasema, "Mie sina mtoto. Simjui huyo." Aliruka kimanga mbele ya mama yake, mbele ya wajomba, na mtoto yuko pale ana masikio yake, yaleyale yaliyochomoza. Wajomba waliaga wakaondoka.

Kwa miaka minne nilimdharau yule mtu kwa moyo wangu wote. Sikumchukia, maana kumchukia mtu kunataka umpe uzito. Nilimdharau. Nikimwona njiani nilikuwa naangalia juu ya kichwa chake kama naangalia bango. Nikiwa na hasira na jambo lingine lolote nilikuwaga namkumbuka yeye mlangoni pale, nasema moyoni angalau mie si kama yule. Ilinisaidia sana. Kuna watu wanashikilia dini, mie nilishikilia dharau yangu.

Sasa huyo hapo, na bukta na raba mpya, anasubiri kupimwa kifua. Na yeye hana mtoto, bila shaka. Kwake ilikuwa rahisi, hakuhitaji kuhama nyumba wala kumfundisha mtu jina jipya, alishasema zamani. Wakati wa mapumziko akanifuata penye bomba la maji. Akasema kwa sauti ya chini, "Naomba tusijuane hapa."

"Kwani lini tulijuana?" nikamjibu, nikaondoka na chupa yangu haijajaa.

Siku ya pili ilikuwa afya. Wasichana tuliwekwa kwenye chumba kirefu, tunaingia mmojammoja nyuma ya pazia. Mbele yangu alikuwepo msichana mmoja toka upande wa Kunduchi, mnene kidogo, mcheshi, asubuhi nzima alikuwa anatuchekesha. Kufikia saa tano fulana yake ikaanza kulowa kifuani, madoa mawili, yanakua. Muuguzi akamwuliza ni nini. Akasema ni jasho. Jasho gani linatoka sehemu mbili tu? Chumba kizima kilicheka, na mie nikacheka kuliko wote, mpaka nikashika ukuta. Alitoka akiwa amekumbatia mkoba wake kifuani, na ucheshi wote umekwisha. Nilisema kwa sauti, ili wenzangu wasikie, kwamba mtu ukija kudanganya jipange. Walinikubali. Wengi wao walikuwa na vichanga nyumbani.

Zamu yangu ilipofika muuguzi aliangalia michirizi ya tumboni mwangu, akauliza ya nini. Nikasema nilinenepa sana nikiwa shule ya bweni. Sijawahi kusoma bweni hata siku moja. Akaniangalia kidogo, mwanamke wa makamo, nadhani na yeye amezaa, kisha akageuza karatasi akaita anayefuata.

Siku ya tatu ilikuwa mahojiano. Wanaume na wanawake tuliingia kwa meza ileile, kwa kupokezana, na aliyemaliza alitokea mlango wa nyuma ili asiwape maswali wanaosubiri. Aliyefaulu anapewa fomu ya taarifa zake za kwenda kujaza na kusubiri kuitwa, asiyefaulu anarudishiwa vyeti vyake. Baba wa mtoto wangu aliitwa kabla yangu. Alipoingia nilijisemea kwamba huyu atapita tu, uongo huu ameanza kuuzoea tangu ana miaka kumi na tisa.

Nikaingia. Meza ilikuwa na watu watatu, wa katikati mama mmoja mwenye vyeo begani na miwani ya kusomea. Nikatoa shikamoo, nikakumbuka, nikabana miguu nikasimama kikakamavu. Mama akacheka kidogo, akaitikia marahaba. Hawakuwa watu wabaya, nisiwasingizie. Wakauliza kwa nini nataka kazi, nikasema kulinda raia na mali zao, kama kila aliyenitangulia. Wakauliza ikitokea ndugu yangu amevunja sheria nitafanyaje, nikasema sheria haina ndugu, na mmoja wao akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu mama akavua miwani.

"Una mtoto?"

"Sina, afande."

"Hujawahi kuzaa?"

"Sijawahi, afande."

Nilikuwa nimejiandaa kwa sauti kukwama. Nilifanya mazoezi chooni kwa mama mkubwa wiki nzima, mbele ya kipande cha kioo. Sikuwa na haja. Ilitoka kavu, safi, haina hata kikohozi, kama mtu anavyosema hana chenji. Mama akaandika, akanipa fomu, akanitakia kila la heri. Nikatoka mlango wa nyuma nikiwa mwepesi, nikiwa na furaha kabisa, sitaki kudanganya na hilo pia. Nilikuwa na fomu.

Nje ya geti kulikuwa na benchi la mama lishe, na kwenye benchi amekaa yeye, baba mtoto. Hana fomu. Bahasha ya vyeti iko mapajani, mikono juu yake. Nilifurahi tena, mara ya pili. Nilimsogelea makusudi, fomu nimeishika mbele ionekane, nikamwuliza kilichomwangusha ni nini, akili au macho.

Akainua uso. Hakuwa amelia, lakini alikuwa amechoka kama mtu aliyepakua magunia ya mchele toka alfajiri. "Wameniuliza kama nina mtoto," akasema. "Nikawaambia ninaye."

Nikaishusha fomu.

"Nilishasema sina mara moja," akaendelea. "Nilidhani ya pili itakuwa nyepesi. Imekataa kutoka. Nikasema ninaye, mmoja, wa kike, ana miaka minne. Wakaniambia ahsante kwa kusema ukweli, wakanirudishia vyeti."

Nilimwita mjinga. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo, nikalisema mara mbili. Nikamwuliza amefanya vile kwa faida ya nani, mtoto atakula ukweli wake, atavaa ukweli wake? Akakubali kwamba ni mjinga. Hakubishana hata kidogo, na hiyo ilinikera zaidi, maana nilitaka kugombana. Akaiangalia fomu mkononi mwangu, muda mrefu, akaelewa, akasema hongera. Hakusema kwa kejeli. Ningemjua.

Kisha akasema anaomba aje amwone mtoto, siku yoyote nitakayoona inafaa, hata kwa nusu saa. Atamwambia mwenyewe yeye ni nani.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu kichwani, haraka, kama mwizi. Kabla ya mafunzo huwa wanatuma watu kuuliza mitaani, na wanaweza wasiishie Goba, wakafika Tandale nilikokulia. Huyu sasa amejiandikisha kwa mdomo wake kuwa ana mtoto wa kike wa miaka minne. Akija Goba kwa mama mkubwa na kujiita baba, kitinda mimba cha mama mkubwa kitakuwa na baba wa miaka ishirini na tatu, na majirani wana macho. Nikakaa kwenye benchi. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa naye tangu shule.

Nikamwambia asije, si sasa. Nikamwambia watu wanaweza kwenda kuuliza kwao, mitaa miwili tu kutoka kwetu. Akauliza wakija aseme nini.

"Useme hunijui," nikasema. "Hunijui, na mtoto humjui."

Niliyasikia maneno yangu yalipokwisha kutoka. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne sikuweza kuangalia juu ya kichwa chake. Mama lishe akatuuliza kama tunakula au tumekaa tu.

"Nitakaa kimya," akasema mwishoni, akisimama na bahasha yake. "Kwa ajili yenu nitakaa kimya. Lakini kusema simjui, sisemi tena."

Akavuka barabara. Mie nikabaki pale benchini, nikaomba sahani ya wali maharage nisifukuzwe, na kalamu ya mama lishe. Kwenye fomu, baada ya jina na tarehe ya kuzaliwa, palikuwa na kifungu cha wategemezi. Nikapiga mstari, nikaanza kula.