Hesabu ya Laini na Samaki wa Mama

Kazi yangu hapa Kolwezi ni kuhesabu kama umeme utatulia au utayumba. Laini kubwa ya umeme ikitolewa kazini kwa matengenezo, mashine za kuzalisha umeme bwawani huongeza mwendo ghafla, maana njia ya kupitishia nguvu zao imepungua. Basi nachora mstari uliopinda kama kilima, napima maeneo mawili: la nguvu iliyozidi, na la nguvu inayoweza kuzirudisha mashine. La pili likiwa kubwa zaidi, zitayumba kidogo kisha zitatulia. Naipenda mno hesabu hii.

Kazini mazoea yalikuwa mengine: kabla ya kutoa laini, mtaa wa Musonoi unakatiwa umeme kwanza, kwa usalama. Mama yangu anauza samaki wa barafu huko huko, na kila matengenezo barafu ya friza lake iliyeyuka, ikambidi apike samaki wote. Nikapiga hesabu, nikabishana na mkuu wangu mpaka akakubali kwamba safari hii asikatiwe mtu. Nikampigia mama simu kwa furaha: asiguse samaki wake.

"Ee, minasikia," alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia kitu.

Asubuhi laini ikatolewa. Kwenye skrini mstari ulipanda, ukashuka, ukatulia palepale niliposema. Nusura nicheze mbele ya mkuu. Mchana mama akapiga.

"Mutoto, courant batakata saa ngapi? Bamama bote tuko tunangoya."

"Mama, ile ligne iko inje tangu asubuyi, na courant iko."

Akashtuka: "Na samaki yote iko mu nyungu!"

Alikuwa amepika friza zima, na jirani zake nao wamepika nyama yao yote, kama kawaida. Nilikasirika, sifichi. Miaka yote ile ya chuo, na mama mzazi anaamini zaidi jiko lake la mkaa! Lakini nilikwenda kula. Uani palijaa watu, bukari, ugali wetu, ikazunguka ya moto, nikachekwa mpaka hasira ikaniisha, na nikashiba vizuri sana.

Tangazo la matengenezo yaliyofuata lilinikuta kwake. Jirani akaanza kupuliza mkaa. Mama akatoka mlangoni, akapaza sauti uani kote:

"Musipike! Mutoto wangu anaisha kuhesabu, courant habatakata!"

Sasa samaki wa uani kote walikuwa juu ya hesabu yangu. Nikaaga haraka, nikarudi ofisini kuhesabu upya.