Senene wa Kokuhirwa

Kokuhirwa wa kijiji cha Nyakatuntu, huko Karagwe, alikuwa msimulizi wa visa tangu utotoni. Akienda kisimani kuchota maji alirudi na habari nyingi kuliko maji. Basi mwaka 1954, Mwalimu Felicitas aliyefundisha akina mama kusoma pale misheni alipotangaza shindano la hadithi fupi kwa wanawake ambao hawajawahi kuchapishwa popote, Kokuhirwa alijua hilo ni lake. Hadithi itakayoshinda ingesomwa mbele ya watu baada ya misa, kisha itolewe gazetini. Alilitaka hilo gazeti mpaka akawa anaunguza ndizi jikoni.

Akaandika kisa cha mke aliyekula senene, wale panzi wa msimu. Karagwe nzima inajua kwamba wanawake ndio huwakamata senene, huwanyonyoa mbawa na miguu, huwakaanga, halafu wanaume ndio hula. Mwanamke akionja ni aibu ya ukoo. Mke wa hadithini alijifungia jikoni akala, na Kokuhirwa akaueleza utamu ule bila haraka: wanavyolia menoni, mafuta ya tumboni yanavyotoka yakiwa ya moto, chumvi inavyobaki midomoni. Alimeza mate huku akiandika. Akampelekea Mwalimu.

Akili ilimrudia baadaye, akimenya ndizi. Mtu asiyewahi kula senene ameyajuaje yote hayo? Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hapa kalamu ndiyo iliyoponza. Maana alikuwa akila kweli, kila msimu, akijificha nyuma ya mitungi. Akamwomba Mungu hadithi yake ishindwe. Alipokumbuka gazeti, akaifuta sala hiyo upesi.

Jumapili ikafika, Felicitas akalitaja jina lake kuwa mshindi, akaanza kusoma. Alipofika kwenye mafuta ya tumboni, wanaume waliojaa uwanja wa kanisa wakatazamana. Melkiory, mumewe, mpole wa watu aliyependa senene kuliko nyama, akamgeukia.

"Mama Kamugisha," alisema taratibu, "habari za tumbo la senene umezipata wapi?"

Kokuhirwa aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kabla hajapata uongo wa kufaa, mama mkwe wake, Bibi Anatolia, akajiinua kwa mkongojo. Huyo ndiye mlinzi wa miiko yote ya nyumba yao, aliyewahi kumnunia Kokuhirwa mwezi mzima kwa kukalia kinu. Kokuhirwa akajua amekwisha.

"Mwalimu, hadithi hiyo ina kasoro," alisema Anatolia. "Chumvi ya nini? Senene ana mafuta yake. Ukimtia chumvi umemharibu."

Wanawake wote waliokuwapo wakaitikia kwamba ni kweli kabisa, tena huyo wa chumvi anakausha koo. Kisha wakatazama chini, Anatolia naye akaketi polepole.

Msimu uliofuata, wanaume wa Nyakatuntu walihamishia vigoda vyao jikoni kulinda ukaangaji, na senene waliendelea kupungua chunguni vilevile.