Wiki ya Handbreki

Hapa Mbinga hakuna tambarare. Ukiegesha gari unavuta handbreki mpaka kiganja kikuume, la sivyo asubuhi utalikuta kwenye mibuni ya jirani. Yangu niliivuta mwanzo wa masika, nikaliacha gari uani kwa sababu njia ya kwenda shuleni ninakofundisha ilikuwa matope matupu, nikawa natembea kwa miguu. Nililiacha linyeshewe wiki saba. Mwalimu mzima, tena mtoto wa dereva, nikafanya ujinga wa mtu aliyenunua gari jana.

Jumapili moja baada ya misa nikaliwasha. Likaunguruma vizuri. Nikashusha handbreki, lakini gari halikutoka. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limeng'ang'ania. Nikakanyaga mafuta, likainama nyuma, likagoma. Nikajua papo hapo: maji yameingia ndani ya kebo, waya umeota kutu, haurudi tena.

Na wiki yenyewe ndiyo hiyo! Baba yangu anaishi kule chini ziwani, na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya hapa Mbinga Jumatatu hadi Ijumaa tu, na watarudi lini tena hakuna aliyejua. Nilikuwa nimemwahidi nitamfuata kwa gari. Naye alishawatangazia wanajumuiya wenzake wote wa kanisani kwamba binti yake anashuka kumchukua.

Jumatatu nikamwita fundi. Akaingia chini ya gari, akatoka akijipangusa mikono.

"Madam, tukate huo waya yaishe. Ukiegesha, weka jiwe. Nusu ya magari ya hapa yanaishi kwa jiwe."

"Na ule mlima wa kushuka ziwani nao niuwekee jiwe? Kaka, kama kazi huijui, sema."

Akakusanya spana zake, akaondoka amenuna. Mdomo wangu huu! Basi nikasema nitafunga mwenyewe. Baba aliendesha lori la misheni miaka mingi, na mimi ndiye niliyekuwa nampa spana akiwa amelala chini yake. Nikaagiza kebo Songea.

Mchana baba akapiga simu. Bibi jirani yake, ambaye naye alikuwa haoni, alikuwa anapanda basi na mkwewe kuja hospitali.

"Wanasema niongozane nao," baba alisema. "Nafasi ipo."

"Baba, basi la nini na gari lipo? Utasukumwasukumwa bure. Kesho nakuja."

"Haya, mama." Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Kebo ilifika na basi Jumanne jioni. Kuifungua tu, nikapiga ukelele: ilikuwa ya upande wa kulia, fupi kwa shubiri nzima. Muuzaji akaapa kwenye simu kwamba ndiyo niliyomtajia. Mwongo! Au labda nilimtajia hivyo kweli, sijui, nilikuwa na hasira. Nikairudisha Jumatano, na iliyo sahihi ikanifikia Alhamisi jioni.

Siku zote hizo mabasi yalikuwa yanashuka ziwani na kupanda. Ningepanda moja asubuhi, mchana huohuo baba angekuwa mbele ya daktari. Nililiwaza hilo, siwezi kujidanganya. Jumatano niliwaza hivyo nikiwa nimeshika jeki. Lakini wanajumuiya walikuwa wanasubiri gari, na mimi nilitaka waone ninavyoshuka garini. Hayo ya usalama mlimani na ya baba kusukumwa kwenye basi yalikuwa porojo.

Ijumaa kulipopambazuka nikaweka mawe magurudumu ya mbele, nikapiga jeki, nikafungua tairi. Dramu ya breki ilikuwa imegandia. Niliigonga na nyundo mpaka ikaachia na vumbi jekundu la kutu. Nikachomoa kichwa cha waya, nikafungua vishikizo vya chini ya gari kimoja kimoja huku kutu ikinidondokea machoni. Nikapitisha kebo mpya, nikakaza. Nikavuta handbreki, ikashika. Nikaishusha, gurudumu likazunguka kwa mkono, laini kabisa. Nilipiga kigelegele peke yangu uani. Ilikuwa saa nne.

Saa sita nilikuwa kwa baba. Nilimkuta amekaa barazani, amevaa koti lake la Jumapili, begi dogo miguuni. Bibi jirani alikuwa amekaa naye, na yule mkwe wake alikuwa anaanua nguo.

"Dada, ndiyo unafika?" mkwe akasema. "Mbona jana walishafunga? Leo wanawakagua waliopasuliwa jana tu, halafu wanaondoka. Bibi alipasuliwa Jumanne, jana tumerudi naye. Tulimwambia baba jana hiyohiyo."

Nikamgeukia baba. "Ulijua tangu jana? Sasa koti la nini?"

"Ulisema unakuja," akanijibu.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Mwanamume aliyeniamini siku tano mfululizo alikuwa amekaa pale na begi lake, na mimi ndiye niliyemshusha kwenye basi hata kabla hajapanda. Nilijichukia, na ninajichukia mpaka leo nikikumbuka ile "haya, mama" yake.

Nikamwamkia bibi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Eh, kumbe ndiyo sura yako! Umefanana na mama yako, Mungu amrehemu." Akanisogezea uso, macho yakimlengalenga maji, akacheka. "Lakini una grisi shavuni. Hakuna aliyekwambia?"

"Ana grisi?" baba akauliza.

Akainuka, akatoa leso mfukoni mwa koti, akapapasa bega langu, shingo, mpaka akaupata uso. Akaanza kunifuta, taratibu, kwa bidii, shavu lile lingine, ambalo halikuwa na kitu.