Dakika Kumi kwa Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisiwa. Kiti sikupewa, kwa kuwa viti vilikuwa vimeisha, nikakalia kreti ya soda. Chumba chetu kilikuwa Ruiru, juu ya duka la simiti. Mwenye Akaunti, yaani yule aliyepokea kazi kutoka ng'ambo na kutugawia, alikuwa rika la kitindamimba wangu.

"Mathe, wamesema ulikuwa typist."

"Miaka ishirini na miwili, kiwanda cha nguo, Thika. Kilifungwa."

"Poa. Sasa andika vitu vya kuona na kufanya karibu na hii port ya Caribbean. Meli inafika asubuhi, inatoka jioni. Wageni wanataka kujua waende wapi."

"Lakini mimi sijawahi kufika huko."

"Hakuna mtu hapa amewahi kufika mahali."

Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Niwaeleze nyinyi vijana kazi hii ilivyokuwa, maana hamtaikuta. Oda ilikuja na maneno makuu, kama vile "ufuo karibu na bandari", ambayo ilibidi uyarudie mara tano bila msomaji kushtuka. Ulisoma kurasa za wengine kisha ukazungusha, yaani ukaandika upya jambo lile lile mpaka chombo cha kunasa wizi wa maandishi kisikutambue. Nilijua ngome ipi ina mizinga, soko lipi linauza kungumanga na ufuo upi una kivuli. Vile visiwa nilivijua kuliko Kamenu, nilikokuwa nikienda kanisani kila Jumapili.

Kuhusu ufuo mmoja wa kisiwa changu hicho cha kwanza, hakuna aliyekuwa ameandika umbali. Nikaitazama ramani, nikaona ni kama kutoka nyumbani kwangu Makongeni hadi kwa mashine ya kusaga unga. Nikaandika: dakika kumi kwa miguu, njia tambarare, wazee kwa watoto wanaiweza. Ramani ile haikuonyesha kilima, nami sikuuliza.

Miaka ilipita, nikahamishiwa ofisi ya Thika, karibu na Eneo la Viwanda. Dirishani niliona paa la kiwanda changu cha zamani, ambacho sasa ni ghala la mbolea. Huko mkubwa wetu alikuwa Mhariri Mkuu, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu na hakuacha kuwa mwalimu. Sheria yake ilikuwa vyanzo vitatu. "Ikisemwa na ukurasa mmoja ni uvumi," alituambia. "Ikisemwa na tatu, andika." Nilimheshimu sana, na sheria yake niliifuata kama amri ya kanisa.

Siku moja kisiwa changu cha kwanza kilirudi, safari hii kwa mteja ambaye ukurasa wake ulisomwa na watu wengi. Nilikuwa nimeshaandika bandari nyingi hata zikanichanganya, sikukumbuka nilichosema Ruiru. Nikatafuta umbali wa ule ufuo. Kurasa tatu zilisema dakika kumi, njia tambarare, nami nikaandika kwa roho safi.

Kisha ikaja barua ya msomaji, mteja akatutumia. Mzee mmoja na mkewe walikuwa wameshuka melini wakiwa na makala yangu mkononi. Mkewe alikuwa na magoti mabovu, na aliuchagua ufuo ule kwa sababu ya yale maneno, njia tambarare. Walipanda mawe karibu saa nzima kwenye jua. Mama yule akaanguka, hakuinuka tena. Mzee hakutukana wala hakudai chochote. Aliuliza jambo moja tu: "Ulipopita wewe, njia ilikuwa hivyo?"

Nilikwenda kwa Kamau, aliyekuwa nami tangu Ruiru na ambaye meza yake ilikuwa jirani na yangu. Nikamwonyesha zile kurasa tatu.

"Hizi mbili ni zangu," alisema. "Ya tatu ni ya cousin yangu, alicopy kwangu."

"Na wewe ulitoa wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Si ni ile article yako ya Ruiru, Mathe. Wewe ndiye ulikuwa careful."

Mashahidi wangu watatu wote walikuwa mimi. Nikatoka nje nikasimama kando ya mtaro.

Mhariri Mkuu aliisoma barua mara mbili. "Mwambie mvua iliharibu njia," alisema. "Na uongeze hiyo sentensi kwa makala."

"Nataka kumwambia ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba mke wake alifuata neno la mtu aliyekaa Thika? Utamuua na yeye. Na hawa wote hapa watarudi nyumbani bila kazi."

Hakuwa mtu mbaya. Nikaandika yote mawili. Vidole vyangu vya miaka ishirini na miwili havikukosea hata herufi moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mzee alijibu: "Asante. Nilikuwa nikijilaumu kwamba nilisoma vibaya."

Niliendelea na kazi miaka minne mingine, mpaka ikaja mashine inayoandika makala yenyewe, ofisi ikafungwa. Tuliagana hata bila chai. Nilipostaafu nilimwandikia yule mzee ukweli wote, barua ikarudi kwamba anwani haipo. Mwenye ukurasa nimemwomba mara nyingi aifute ile sentensi ya njia tambarare. Hajajibu, na sidhani kama yupo.

Mstaafu hutarajiwa atoe nasaha. Mimi sina. Husemwa majuto ni mjukuu, na wangu amehamia nyumbani kwangu, tunakula naye.

Juzi nilichukua simu nikaiuliza hiyo mashine mwendo kutoka bandarini hadi ufuo ule. Ikajibu papo hapo, kwa adabu kabisa: dakika kumi kwa miguu, njia tambarare, wazee kwa watoto wanaiweza, ila mvua ikinyesha njia huharibika.

Nikaiuliza imejuaje. Ikaniwekea vyanzo vitatu.