Obadiah wa Gari la Maneno

Shemeji yangu Obadiah alikuwa na sauti nzuri kuliko mwanamume yeyote aliyepata kuishi Rukanga, na laiti Mungu angempa kigugumizi. Nasema hivyo bila aibu. Angekuwa na kigugumizi angelima mtama na kunde kama kaka yake Reuben, mume wangu, wala nisingekuwa na sababu ya kuandika habari zake.

Alizaliwa uhamishoni. Wakati wa vita vya kwanza vya Mjerumani serikali iliwatoa watu wa Kasigau mlimani kwao ikawapeleka Malindi, eti walimsaidia adui. Baba mkwe wangu, Mzee Mwadime, alikwenda akiwa kijana na akazika wazazi wake wote wawili huko. Waliporuhusiwa kurudi, miaka mingi baadaye, alikuwa na mke na watoto, na Obadiah alikuwa bado wa mgongoni. Mzee hakupenda kusimulia mambo hayo. Kitu kimoja tu alikuwa akikirudia, hasa akiwa anafunga mbuzi: siku ya kuondoka, mtu aliyejua lugha yao alimwambia baba yake asijisumbue na mizigo, kwani watarudi upesi. Mtu aliyejua lugha yao. Hapo ndipo alipokuwa akitema mate.

Obadiah alisoma kwa wamishonari, akaimba, akasoma neno kanisani Jumapili hadi akina mama wakatokwa na machozi hata kwenye zile sura za majina matupu. Kisha akaenda Voi kutafuta kazi. Huko bwana mmoja wa bomani, Bwana Donald, alimsikia akisoma tangazo la chanjo ya ng'ombe sokoni, akamchukua siku hiyohiyo. Serikali ilikuwa imeleta kitu kipya: gari la kijani lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, betri nyuma, na maikrofoni ya kushika mkononi. Kabla ya hapo, neno la serikali lilikuja kwa miguu. Chifu alipewa, chifu akampa mzee wa mtaa, na mzee wa mtaa akatuambia alichokumbuka. Sasa lilikuja lenyewe, kubwa, moja kwa moja kutoka Voi, na lilipogonga mlima wa Kasigau lilirudi tena mara ya pili. Sisi tuliliita Gari la Maneno.

Lilikuwa na dereva, Owino, mtu wa magharibi mwa nchi, mpole, aliyelipenda gari lile kupita kiasi. Na lilikuwa na Obadiah, wa kulisemea kwa Kiswahili na kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Alisema habari za kodi, za vyoo, za kupe, za watoto kupelekwa shule. Hakuandika hata neno moja kati ya hayo. Bwana Donald aliandika, yeye akayatia asali.

Kazi ilimwingia kichwani. Akija nyumbani likizo alizungumza nasi kama tuko ng'ambo ya bonde. Hata chumvi aliitangaza. Nilimwambia siku moja, "Shemeji, mimi niko hapa hapa, sijahamia Taveta." Akacheka, lakini hakupunguza. Mkewe Penina, aliyeishi naye Kaloleni pale Voi, alinong'ona kwamba hata usiku mume wake hamwambii siri, anatoa habari. Tulicheka sana siku hiyo. Penina alikuwa na mtoto wa kike kifuani, Jerusha, aliyepewa jina la marehemu mama mkwe wetu. Mzee Mwadime alikuwa akimpakata na kumwita "mke wangu", na kumuuliza mbona amerudi bila meno.

Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na sita, Gari la Maneno lilikuja na neno la maji.

Niwaeleze maji ya Rukanga wakati ule. Chemchemi ilikuwa juu mlimani, msituni. Ulipanda na kibuyu kitupu, ukashuka na kilichojaa, magoti yakikutetemeka, na ukiteleza umeteleza na siku yako nzima. Sasa sauti ya Obadiah ilituambia kwamba serikali, kwa ufundi mpya, italeta maji chini kwa mabomba ya chuma, hadi kwenye mfereji wa kufungua na kufunga kwa mkono, hapa, karibu na shule. Serikali itatoa mabomba. Wananchi watachimba mtaro.

Watu walisitasita. Tulikuwa tumesikia mengi. Ndipo Mzee Mwadime, ambaye hakuwahi kuhudhuria baraza lolote la serikali tangu arudi kutoka Malindi, akatoka nyumbani kwake, akasimama mbele ya gari, akawageukia jirani zake.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Wengine wanaweza kunidanganya. Huyu hawezi."

Tukachimba. Wanaume wengi walikuwa kazini kwenye reli na mashamba ya mkonge, kwa hiyo waliochimba ni sisi wanawake. Mlima ule ni mawe. Nilichimba na mimba, nikapumzika kujifungua Nehemiah, nikarudi kuchimba naye mgongoni. Mzee alikuja kila asubuhi na sururu yake, akang'oa majabali ambayo vijana waliyazunguka. Mabomba yakaja kwa lori, yakapangwa kando ya shule, na sisi tukawa tunayagusa tukipita, yalivyokuwa laini na baridi.

Kisha malori yakaja tena yakayachukua. Hakuna aliyetueleza. Tulisikia baadaye kutoka kwa wapita njia kwamba yamepelekwa kwenye nyumba mpya za wakubwa, ambako maji yalihitajika zaidi, eti. Mtaro ukabaki wazi, ukaanza kuvunja mbuzi miguu.

Na nani alikuja kutupa habari rasmi? Gari la Maneno, bila shaka. Obadiah alisimama, akashika maikrofoni, akatusomea kwamba mpango umeahirishwa, na kwamba serikali inawashukuru wananchi wa Rukanga kwa moyo wao wa kujitolea. Alisoma kwa sauti ileile. Hilo ndilo sijamsamehe mpaka leo. Angeikwaruza kidogo! Angekohoa! Alituambia hatutapata maji kwa utamu uleule aliotumia kutuambia tutapata, na mlima ukarudia.

Mzee Mwadime alisikiliza hadi mwisho. Alichukua sururu yake iliyokuwa imeegemea ukuta wa shule, akaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwamkia Obadiah. Alipita njiani, watu wakawa wanafunga kamba za mbuzi zilizokwisha kufungwa. Lakini hayo ni ya watu. La baba ni kubwa zaidi. Kwetu, mzazi akibaki na hasira moyoni dhidi ya mwanawe, hasira ile haikai bure. Inatafuta pa kushika, na mara nyingi inashika mtoto mdogo wa nyumba ile. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anachukua maji ya kibuyu, anasema maneno yake kwa sauti ya chini, anatia funda mdomoni na kulipuliza ardhini mbele ya aliyemkosea. Maji yanatoka na hasira inatoka. Hata sisi tuliobatizwa tulifanya, tukaenda kanisani Jumapili, na mchungaji alijua na akatuacha.

Mtoto Jerusha akaugua. Kifua kilimbana, homa ikawa haishuki. Walimpa dawa, akapata nafuu, akarudi kuugua. Penina alimwambia mumewe, "Nenda kwa baba. Usipokwenda, nitakwenda mimi nipige magoti."

Akaja. Alikuja na Gari la Maneno, kwa kuwa ndilo lililokuwa na safari ya upande wetu, akaliacha na Owino pale shuleni, akaingia uani akiwa amevua kofia. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilimsikia akisema polepole.

"Baba, mtoto anaumwa."

Mzee alikuwa akichonga mpini. "Mke wangu?"

"Ndiyo, baba. Hapumui vizuri."

Mzee akaweka mpini chini. Akaniita, "Mama Nehemiah, kesho asubuhi niletee maji ya chemchemi. Ya juu kabisa, yasiyokanyagwa." Basi. Alikuwa amekubali. Nililala nikiwa na furaha kama ninayeolewa.

Asubuhi nikapanda, nikateka, nikashuka. Mzee aliketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake, kibuyu miguuni. Na hapo nikasikia injini. Owino alilirudisha gari kinyumenyume hadi kwenye ua wetu, na Obadiah akashuka nyuma yake akivuta waya mrefu, maikrofoni mkononi.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Watu wote wanasema baba amenilaani," alisema. "Wacha wote wasikie akiniachilia. Wakisikia kwa masikio yao, yataisha yote siku moja."

Nilimwambia, "Hili ni jambo lako na baba yako. Halina spika."

Hakunielewa. Namjua, hakuwa na ubaya, hakunielewa kabisa. Kwake yeye, baada ya miaka ile, neno ambalo halikupita kwenye mashine ile lilikuwa halijasemwa. Akaishika maikrofoni mbele ya mdomo wa baba yake. Mzee aliitazama, akamtazama mwanawe, nadhani akamfikiria mtoto. Akaanza.

"Kama ni mimi niliyekasirika..."

Sauti yake ikaruka juu ya paa. Ilikuwa kubwa mno, ya chuma, ikagonga mlima ikarudi: niliyekasirika. Mbwa wakabweka. Watu wakatoka majumbani kwao wakasimama kwenye ua wetu na nje ya ua, na kijana mmoja mpumbavu akacheka. Mzee aliendelea. Alisema maneno ya ndani, ambayo mimi mke wa mwanawe sikustahili kuyasikia, na yote yalikwenda hadi kwa wachunga mbuzi. Akanyanyua kibuyu, akatia funda mdomoni.

Ilibaki kupuliza tu. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Akainua macho, akaliona lile gari la kijani limesimama mlangoni pake na vipaza sauti vyake viwili, akawaona watu wakisubiri, akamwona Obadiah amemsogezea maikrofoni karibu zaidi ili asikose hata tone.

Akameza.

Rukanga nzima ilisikia. Ile mashine haikosi kitu. Ililichukua lile funda likipita kooni mwa mzee na kulipeleka mlimani.

"Baba," Obadiah alisema, na hilo pia likatangazwa. "Baba, rudia."

"Nimekwisha meza," mzee alisema. Akaingia ndani akafunga mlango.

Obadiah aligonga mlango ule hadi jua likawa kali. Aliahidi kuliondoa gari, kuacha kazi, kila kitu. Mlango haukufunguka. Mwishowe Owino akamshika bega, akakunja waya, wakaondoka.

Nilimkasirikia mzee pia, acha niseme. Mtoto hakuwa na kosa. Nilimpelekea chakula na kukiweka chini kwa kishindo, naye hakula. Alikaa akitazama ukuta. Siku moja alfajiri akaja mwenyewe mlangoni kwangu akiwa amevaa koti lake la baraza la wazee, kibuyu mkononi. Alikuwa amepanda chemchemini peke yake, gizani, kwa umri ule.

"Twende Voi," alisema. "Nitafanya huko huko kwake, mbele ya mke wangu. Wewe utanishika njia ikipanda."

Nilimfunga Nehemiah mgongoni tukaondoka. Mzee alitembea haraka kuliko mimi. Kila nilipotaka kumpokea kibuyu alikataa, akakishika kwa mikono yote miwili ili kisimwagike. Alikuwa akinieleza jinsi marehemu Jerusha, mama mkwe wangu, alivyokuwa akiugua kifua akiwa msichana, na jinsi alivyopona. Alicheka hata. Tulikuwa tumeshaiacha milima ya karibu tulipoliona vumbi, kisha gari la kijani.

Halikuwa likisema kitu. Owino alipotuona alisimama, akazima injini, akashuka na kuvua kofia, na mimi nikajua. Nyuma, kati ya betri, Penina alikuwa ameketi amempakata mtoto aliyefunikwa kitambaa mpaka usoni. Hakulia. Alitutazama kama watu asiowajua. Walikuwa wanamleta kumzika Rukanga.

Obadiah akashuka akasimama barabarani. Mzee Mwadime alimsogelea hadi wakakaribia kugusana. Pori lilikuwa kimya. Akaanza kusema, kwa sauti ya chini, kama inavyosemwa. Alisema yote: ya mtoto, ya mtaro, ya watu wa Malindi, ya asubuhi ile. Alijiita mjinga. Alimwita mwanawe kwa jina alilomwita utotoni. Kisha akapiga mafunda, moja baada ya jingine, akayapuliza miguuni pa Obadiah, mpaka viatu vya kazi vya kijana yule vikalowa na udongo ukawa mwekundu sana. Alipomaliza alikuwa akihema.

Obadiah alikuwa akimtazama mdomo.

"Sema kwa nguvu, baba," alisema. "Sikusikia."

Mzee akakitikisa kibuyu. Kilikuwa kitupu.

Mimi nilikuwa nimesimama mbali kuliko yeye, na mtoto akinililia mgongoni, na nilisikia kila neno.