Nani Abebe Chetezo

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa niimeze.

Mwezi uliopita tulialikwa Ansab, hapa Muskat, kwenye khitma ya marehemu aliyekuwa mtu mkubwa wa siasa katika Unguja ya zamani. Picha yake wameitundika ukumbini. Sote tuliotoka Unguja tunamkumbuka kwa neno lake moja: alisimama barazani akasema binadamu wote ni sawa kama meno ya kitana. Neno tamu hilo. Sisi wa mtaa wa Hail tunalo letu la kumkumbukia. Bibi yangu alizaliwa uani kwao, binti wa mtumwa, mtumwa naye hata baada ya sheria kufuta utumwa. Bwana akirudi kutoka kuhutubia usawa, bibi yangu ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa.

Mama yangu naye, huku Muskat, kila harusi na kila msiba wa ukoo wa bwana yule alitangulia jikoni kabla ya wageni kufika. Nikimuuliza, hujibu, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Nami katika usichana wangu niliwapitishia wageni wao chetezo cha udi, nikidhani ni mapenzi.

Sasa mwanangu wa kike ni daktari. Kijana wao amempenda, akaja mwenyewe nyumbani kwangu akaahidi kuwa wazee wake watakuja kuposa. Wazee hawakuja. Ulikuja mwaliko wa khitma, na mimi mjinga nikadhani jibu letu liko huko. Tukavaa nguo zetu nzuri kuliko zote.

Wanawake tulikaa ukumbi wetu, tukiwasikia wanaume kwa spika. Baba wa kijana alisoma sifa za marehemu babu yake, akafika kwenye meno ya kitana. Wanawake wakaitikia mashaallah. Papo hapo mama wa kijana, mwenye nyumba, akanishika mkono.

"Binti yako nnampenda, wallahi. Lakini ndoa inataka asili, mwanangu. Watu watasema nini?"

Sijafungua mdomo, chetezo kikaletwa kutoka jikoni, makaa yamekolea. Akakipokea, akamgeukia binti yangu.

"Hebu wapitishie wageni udi, mama."

Ukumbi umejaa wasichana wa nyumba ile, wamekaa na simu zao! Nyani haoni kundule. Nikainuka nikakichukua chetezo mikononi mwa mwanangu, nikakiweka mbele ya yule bibi.

"Bi Mkubwa, si meno ya kitana ni sawa? Leo pitisha wewe."

Hakuna aliyekigusa. Kule kwa wanaume spika iliendelea kusifu, na hapa moshi ukapanda mbele ya wanawake wote wale waliozoea kufukizwa. Nikatafuta viatu vyangu, tukatoka.

Binti yangu ndiye aliyeendesha gari. Tulipofika Mawaleh, njia ya kurudi kwetu, akauliza.

"Kwa hiyo wamekataa?"

"Wamekataa."

Nilidhani atamlilia kijana, nikaanza kutafuta maneno ya kumtuliza, pamoja na matusi mawili matatu ya wale watu. Lakini yeye alikuwa akinusa kiganja chake.

"Mama, nilikipokea," akasema. "Aliponipa tu, nilinyanyuka nikakipokea. Wala sikufikiri."

Hapo ndipo mimi nilipolia.